Jinsi ya kuikagua ile hisia ya “huyu nishamjua”

Nafundisha hisabati, na kipande ninachokipenda kuliko vyote ni takwimu na uwezekano. Sauti yangu ni nyembamba. Nikipokea simu ya mtu asiyenifahamu naitwa dada, na nikimsahihisha ananyamaza kidogo kabla ya kuendelea. Katika ule ukimya namsikia kabisa akijumlisha. Mikono yangu haitulii ninapozungumza, shati nalipiga pasi mpaka mistari inasimama, na sijaoa. Basi tangu ujanani watu wamekuwa wakiniamulia nampenda nani. Wengine wameamua kwa wema, wengine kwa vicheko vya nyuma ya daftari. Kama walipatia au walikosea sitakuambia, si hapa wala mwishoni. Na kama umeshaanza kukisia, afadhali, maana sasa una mfano hai wa kufanyia mazoezi.

Mwongozo huu ni wa mtu anayejiona ana jicho. Anamtazama mgeni akiingia, akiongea maneno mawili matatu, naye moyoni anasema “huyu nishamjua”. Sikuombi uizuie hisia hiyo isije. Inakuja yenyewe, tena upesi: maabara watu wameonyeshwa picha ya uso kwa sehemu ndogo sana ya sekunde na bado wakatoa jibu. Kazi yako inaanza ikishafika, kabla haijageuka neno.

Tenganisha ulichokiona na ulichokiongeza

Chukua karatasi, ikunje katikati. Upande wa kushoto andika yale tu ambayo kamera ingeyanasa. Upande wa kulia andika ulichohitimisha. Jina la mtu usiliandike popote, na ukimaliza ichane. Karatasi za namna hii zina tabia ya kuokotwa na watu wasiotakiwa kuziona.

Mwalimu mwenzangu alilifanya zoezi hili juu ya mwanamke mmoja aliyekuwa amehamia kazini kwetu, kwa sababu alikuwa ameapa mbele ya wote kwamba “yule ni msagaji, hata usinibishie”. Kushoto akaandika: nywele fupi, hatua ndefu, hajipodoi, anajua mpira kuliko wanaume, picha zake nyingi yuko na rafiki yule yule wa kike. Kulia akaandika neno moja. Nikamwomba anionyeshe, kwenye upande wa kushoto, mstari unaozungumzia mapenzi. Akautafuta. Akaweka kidole kwenye ule wa rafiki. Nikamuuliza yeye mwenyewe kwenye picha zake huwa na nani. Ana rafiki yake wa tangu utotoni, wanavaa sare kwenye kila sherehe, na hakuna aliyewahi kumwazia lolote, kwa sababu yeye anajipodoa.

Karibu kila ukurasa wa kushoto niliowahi kuuona umejaa mambo ya aina hiyo: namna ya kutembea, kuvaa, kucheka, kushika glasi. Yanaeleza kama mtu anafanana na tunavyotarajia mwanamume au mwanamke awe, basi. Kuruka kutoka hapo mpaka anampenda nani ni hatua nyingine kabisa, na tunaivuka bila kujua kwamba tumevuka. Mwaka 1987 wanasaikolojia Mary Kite na Kay Deaux waliwauliza watu sifa za mashoga na wasagaji wakagundua kwamba picha iliyo vichwani mwa wengi ni ya kugeuza tu: shoga anadhaniwa kuwa kama mwanamke, msagaji kama mwanamume. Ndiyo maana mwanamume mwenye kifua kipana na sauti nzito anaweza kuishi miaka hamsini na mwanamume mwenzake na majirani wakaendelea kuwaita marafiki wanaobana matumizi.

Kwa hiyo upande wa kushoto ukiwa umejaa nguo na mwendo, andika chini yake: sijui. Hili ndilo jibu sahihi mara nyingi mno kuliko unavyodhani, na wanafunzi wangu hulichukia kwa sababu linaonekana kama uvivu.

Piga hesabu

Hapa ndipo kazi yangu inapoingia, na nitakaa kidogo.

Mtu anayejisifu kwa jicho lake akisikia kuna utafiti unaomuunga mkono, hufurahi. Na kweli upo. Tafiti nyingi za kuonyesha watu picha, video fupi au sauti zimepata kwamba watazamaji hupatia kuliko ambavyo wangepatia kwa kurusha sarafu. Uchambuzi wa Konstantin Tskhay na Nicholas Rule wa mwaka 2013, uliokusanya tafiti nyingi kama hizo, ulipata usahihi wa asilimia 60 na ushei. Lakini angalia jinsi mtihani ulivyotungwa: kwa kawaida nusu ya picha ni za mashoga au wasagaji, nusu ni za wengine. Nje ya maabara hakuna chumba cha namna hiyo, labda uwe umealikwa kwenye sherehe yao.

Tuchukue watu 1,000. Tuseme 50 kati yao ni mashoga au wasagaji. Idadi halisi hubadilika kwa nchi, kwa umri na kwa jinsi swali lilivyoulizwa. 50 inatosha kwa mazoezi. Nakukopesha usahihi wa asilimia 70, ambao ni zaidi ya ule wa maabara. Kati ya wale 50 utawatambua 35. Hongera. Lakini wamebaki 950, na kwa kuwa unakosea asilimia 30, utawanyooshea kidole 285 wasiohusika. Jumla ya uliowanyooshea ni 320, na waliokuwa kweli ni 35. Maana yake kila unapowanyooshea watu tisa, umempata mmoja. Nikikupandisha mpaka asilimia 80, utawapata 40 na kuwakosea 190. Hata hapo, kati ya watano unaowanyooshea kidole, hujafikisha mmoja.

Kuna atakayeniambia dalili ya mvua ni mawingu. Sawa. Zihesabu basi siku zote zilizokuwa na mawingu, usizihesabu zile zilizonyesha peke yake.

Hesabu hii sikuivumbua mimi. William Cox, Patricia Devine na wenzao waliitoa mwaka 2016, pamoja na jambo lililonifurahisha zaidi. Waligundua kwamba picha ambazo mashoga na wasagaji walikuwa wamejiwekea mtandaoni zilikuwa na ubora mzuri kuliko za watu wengine. Waliposawazisha ubora wa picha, uwezo wa kutambua ukatoweka. Watazamaji walidhani wanasoma uso, kumbe wanasoma picha. Kisha wakafanya jaribio jingine: waliwaambia baadhi ya watu kwamba lile jicho la kutambua ni kitu cha kweli, kilichothibitishwa. Watu hao wakazidi kuwabandika wengine sifa kwa mambo madogo madogo. Ndiyo maana nalipinga neno lenyewe “jicho”. Linampa mtu ruhusa ya kufanya kile ambacho angeona haya kukiita kwa jina lake.

Usije ukanielewa kwamba hakuna ishara kabisa. Zipo, na nyingine zimewekwa makusudi. Miaka ya 1970, katika miji ya Marekani kama San Francisco na New York, wanaume walikuwa wakichomeka leso za rangi kwenye mfuko wa nyuma ili wenzao wajue. Mtu aliyeivaa ile leso alikuwa anazungumza, na alijua anazungumza na nani. Kinyozi aliyefutia jasho leso ya rangi hiyo hiyo hakuwa amesema chochote. Ukijiuliza swali moja tu katika mwongozo huu wote, liwe hili: mtu huyu ameniambia, au mimi ndiye ninayemsemea?

Uliza nani alikusahihishia

Mwanafunzi asiyerudishiwa karatasi anaweza kuamini mwaka mzima kwamba anapata mia kwa mia. Wewe na makisio yako mko hivyo hivyo. Uliyemkisia hatakuja kukwambia “umekosea”, kwa kuwa hajui kwamba amewahi kukisiwa. Na aliyekupita bila wewe kushtuka, yule mwenye mke na sauti nzito, naye hatakuja. Unabaki na wachache uliosikia habari zao baadaye, ukakumbuka kwamba “nilisema mimi”.

Kwa kweli ulisema? Mwaka 1978 Mark Snyder na Seymour Uranowitz waliwapa watu maelezo ya maisha ya mwanamke waliyemwita Betty K. Baadaye wengine wakaambiwa sasa anaishi na mwanamke, wengine kwamba ameolewa na mwanamume. Walipoulizwa maswali juu ya yale waliyosoma, kila kundi lilielekea kujibu kwa namna inayolingana na mwisho walioambiwa, ilhali maelezo yalikuwa yale yale. Watafiti Francis Bellezza na Gordon Bower walirudi kwenye jambo hilo mwaka 1981 wakaonyesha kwamba zaidi ni kukisia kuliko kumbukumbu kubadilika: pale mtu asipokumbuka, anajaza pengo kwa kile alichoambiwa. Kwangu mimi hilo halina nafuu yoyote. Aliyejaza pengo hajui kwamba amejaza.

Cha kufanya ni kidogo. Siku utakaposikia habari ya mtu na ulimi ukataka kusema “nilijua tu”, jiulize ulimwambia nani, lini, na kwa maneno gani. Usipompata shahidi, hukujua.

Usikubali mtaalamu wala mashine ikufanyie

Watu wakishindwa kutegemea macho yao hukimbilia kipimo. Historia ya vipimo hivi naipenda kwa namna ya kusikitisha.

Evelyn Hooker, mwanasaikolojia wa Marekani, alichapisha mwaka 1957 matokeo ya kupima wanaume 30 mashoga na 30 wasio mashoga, waliolinganishwa kwa umri, elimu na akili. Majibu yao ya vipimo vya kisaikolojia, kikiwamo kile cha madoa ya wino cha Rorschach, yakapelekwa bila majina kwa wataalamu watatu. Mmoja wao alikuwa Bruno Klopfer, bingwa wa Rorschach. Walishindwa kutenganisha nani ni nani. Huo ulikuwa mwaka 1957. Sasa ruka mpaka mwaka 2015: Mnigeria mmoja anaomba hifadhi Hungary, anasema anaogopa kuteswa kwa sababu ni shoga. Maelezo yake hayakuonekana kujipinga, lakini akanyimwa kwa sababu ripoti ya mwanasaikolojia haikuthibitisha. Vipimo vilivyotumika? Kuchora mtu kwenye mvua, kingine kiitwacho Szondi, na Rorschach. Madoa yale yale. Tarehe 25 Januari 2018 Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya ikaamua kwamba vipimo vya namna hiyo havifai kutumika kuamua mwelekeo wa kijinsia wa mwombaji. Mahakama hiyo hiyo ilikuwa imeshasema mwaka 2014 kwamba maofisa hawawezi kuwapima waombaji hifadhi kwa maswali yaliyojengwa juu ya dhana za jumla peke yake.

Kanada nayo, miaka ya 1960, ilifadhili mashine ya kupima mboni za macho ya watumishi wa serikali wakionyeshwa picha, ili kuwanasa mashoga. Haikuwahi kufanya kazi. Waliofukuzwa kazi kwa kushukiwa waliombwa radhi na serikali tarehe 28 Novemba 2017.

Siku hizi mashine imekuwa programu. Yilun Wang na Michal Kosinski wa Chuo Kikuu cha Stanford walichapisha mwaka 2018 utafiti ambao kompyuta ilipewa picha mbili za wanaume, mmoja shoga mmoja siye, ikamchagua shoga kwa usahihi wa asilimia 81. Kwa wanawake asilimia 71. Vichwa vya habari vikapiga kelele. Wewe sasa una macho ya takwimu: picha mbili, mmoja ndiye, yaani ni nusu kwa nusu tena. Na zilitoka kwenye tovuti ya kutafuta wapenzi, ambako mtu huchagua mwenyewe ajionyesheje. Wakosoaji walionyesha kwamba miwani, vipodozi, ndevu na pembe ya kamera vinaweza kueleza sehemu kubwa ya tofauti. Mtu akikuletea programu ya aina hiyo, muulize mambo mawili: waliojaribiwa walikuwa wangapi wa kila upande, na picha zilitoka wapi. Usimpe picha ya mtu yeyote wakati mnabishana.

Kuhusu sauti nitasema machache, nikijua nina maslahi. Ron Smyth na wenzake walichunguza sauti za wanaume mwaka 2003 na kuona kwamba kusikika kama shoga na kuwa shoga ni mambo mawili: wapo waliosikika hivyo na sivyo walivyo, na wapo ambao hakuna msikilizaji aliyewadhania. Sauti yangu mimi ni koromeo tu, nimezaliwa nalo.

Halafu kumbuka kwamba kukisia huku kunakupa masanduku mawili. Alfred Kinsey mwaka 1948 alitumia kipimo chenye ngazi kutoka 0 mpaka 6, kwa sababu watu aliowahoji hawakutaka kuingia kwenye mawili. Mtu anayependa jinsia zote mbili jicho lako litampa jina kulingana na aliyeketi naye leo.

Ukishikwa na hisia hiyo mbele ya watu

Mtu atakunong'oneza: “Hivi yule naye si...?” Jibu fupi ndilo linalofanya kazi. “Sijui.” Akiendelea: “Hilo ni la kwake kusema.” Usianze mhadhara; mhadhara unamfanya ageuke akukisie wewe. Usijibu pia kwa kutetea, “hapana, ana mchumba”, kwa sababu umeshakubali kwamba mjadala upo na kesho utatakiwa kuleta ushahidi mwingine.

Wala usimtegee mhusika maswali ya kuzunguka: “utaoa lini”, “mbona hatumwoni shemeji”. Anajua unachokitafuta. Ukitaka kumfahamu, muulize wikendi yake ilikuwaje, naye atachagua atakutajia nani.

Uzito wa jambo hili haulingani kila mahali. Katika nchi zaidi ya 60 sheria bado inaadhibu mahusiano ya jinsia moja. Mahali pengine kisio lako linaweza kumfukuzisha mtu kazi au nyumba. Frank Kameny, mwanafalaki, alifukuzwa kazi ya serikali ya Marekani mwaka 1957 na hakuajiriwa na serikali tena. Na wale 285 wa kwenye hesabu yetu wanapigwa kwa fimbo hiyo hiyo pamoja na wale 35.

Ukiwa wewe ndiye unayekisiwa, nina jambo moja. Mwanafunzi aliwahi kubaki darasani baada ya kipindi akaniuliza, “Ticha, eti ni kweli wanavyosema?” Nikamuuliza, “Jibu utalifanyia nini?” Nilitaka kujua kweli. Akafikiri, akasema hana cha kulifanyia, akachukua begi. Kukimbilia kusema “mimi siyo!” kwa ukali kunamwambia aliye mashakani pembeni yako kwamba kuwa hivyo ni tuhuma. Lakini kama usalama wako unadai ukane, kana. Huna deni la ushujaa kwa mtu.

Akikuambia mwenyewe

Kuna sentensi mbili za kumeza. Ya kwanza ni “nilijua tu”. Unaweza kuisema kwa upendo, lakini mwenzako anasikia kwamba siri aliyoibeba kwa tahadhari miaka yote ilikuwa inaonekana, na anaanza kujiuliza nani mwingine ameiona. Ya pili ni “haiwezekani, mbona hufanani!” Watu huitoa kama sifa.

Sema asante kwa kuniambia. Kisha uliza swali ambalo wengi husahau: nani mwingine anajua, na nani hatakiwi kujua? Hilo ndilo linalokuwezesha kutoropoka mezani kwao.

Kama umeshasema

Pengine ulishamtaja mtu kwa mtu, zamani au jana. Wapo watakaokutuliza kwa ule usemi wa lisemwalo lipo, kama halipo laja. Achana nao. Usiende kumwomba radhi uliyemkisia kama hajui lolote. Utakuwa umemtwisha kazi ya kukujibu, umempa hofu mpya, na umemlazimisha akiri au akane mbele yako. Nenda kwa uliyemwambia. Sema: “Lile nililokuambia juu ya fulani nilikuwa nakisia. Sina ninachokijua. Ulimwambia mtu?” Akikutajia jina, nenda na kwa huyo pia.